Kituo cha kulelea watoto ndani ya soko: ada ya 2,000 kwa siku mbona hesabu haifungi?

Kizimba_na_3

Wakuu, habari za jioni. Kikundi cha wanawake wa sokoni (mboga, nafaka, mama lishe wachache) kinaandaa andiko la kufungua kituo cha kulelea watoto mchana hapohapo sokoni, Dar es Salaam. Soko lina vizimba (nafasi za kuuzia) kama 400. Walioorodhesha watoto ni 24: wachanga wa chini ya mwaka mmoja na nusu 6, wa mwaka mmoja na nusu hadi mitatu 8, wa mitatu hadi mitano 10.

Kwa sasa mambo ni haya. Wengine huwafunga watoto mgongoni au kuwalaza chini ya meza kwenye maboksi. Wengine huwaacha kwa jirani, na wengine humzuia binti mkubwa asiende shule siku za gulio. Anayenyonyesha hafiki saa 10 alfajiri malori yanaposhusha. Anakuja saa 2, anakuta mzigo umeshapita mikono miwili na bei imepanda. Kwa hiyo hasara yake haianzii kwenye kuuza, inaanzia kwenye kununua.

Wanawake wenyewe wamesema wanamudu 2,000 kwa siku. Tukipiga hesabu kila mara inabaki shimo kubwa. Tunaomba mwenye uzoefu atuambie tunakosea wapi, na pia:
1. Walezi wangapi wanahitajika kweli?
2. Mkopo wa halmashauri wa asilimia 10 (ile sehemu ya mapato yake inayokopeshwa vikundi) unaweza kusaidia?
3. Vituo vya namna hii huwa vinakufa kwa sababu gani?

Mhasibu_wa_Vituo

Dada, hamjakosea. Hesabu ya malezi ya wachanga haifungi popote pale kwa ada ya mzazi wa kipato cha chini peke yake. Angalia kundi moja tu kwanza.

Mlezi mmoja asipewe wachanga zaidi ya watatu. Kigezo si kitabu. Moto ukitokea, mtu mzima anaweza kutoka na wawili mikononi na mmoja mgongoni, basi. Sasa watatu mara 2,000 mara siku 26 ni 156,000. Hata waje kila siku bila kukosa, hujafika mshahara wa mtu mmoja, na bado hujanunua sabuni.

Kituo kizima cha watoto 24: wachanga 6 walezi wawili, wa kati 8 mlezi mmoja, wakubwa 10 mlezi mmoja, na mpishi anayefanya pia usafi. Watu watano. Niweke 210,000 kwa kila mmoja (mtaangalia amri ya kima cha chini inayotumika wakati huo, msiende chini yake), mishahara ni 1,050,000. Mchango wa mwajiri NSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii) asilimia 10, 105,000. Pango la vyumba viwili na uwanja, 200,000. Maji, mkaa na sabuni 110,000. Vitu kuharibika na kufidiwa (poti, vikombe, mikeka) 40,000.

Chakula ndipo wengi hujidanganya. Weka 700 kwa mtoto kwa siku, uji na mlo wa mchana. Lakini usizidishe kwa 24. Walioandikishwa 24, wanaofika kwa siku ni 18 hivi: mtoto kaumwa, mama hakwenda sokoni, mvua imenyesha. Kwa hiyo 18 × 700 × 26 = 327,600.

Jumla ya matumizi: 1,832,600.
Mapato: 18 × 2,000 × 26 = 936,000.
Pengo: 896,600 kwa mwezi.

Kosa la kawaida ni kuandika mapato kwa watoto 24. Mtoto asiyekuja halipi, ila mlezi wake unamlipa. Na hata wangekuja wote 24 kila siku, chakula kinapanda na pengo linabaki 693,800. Kujaza kituo hakukuokoi.

Jinsi ya kulipunguza, kwa mpangilio wa nguvu yake:

Kwanza eneo. Uongozi wa soko ukitoa vyumba na maji, unaondoa kama 250,000. Hii ndiyo ya kupigania kabla ya kitu kingine chochote, na iwe kwa barua, si kwa mdomo. Mwenyekiti wa soko akibadilika, neno la mdomo linaondoka naye.

Pili ada. 2,500 badala ya 2,000 huleta 1,170,000. Ukijumlisha na lile la eneo, pengo linashuka hadi 412,600. Msiende juu ya hapo. Ada ikishamfanya mama aone bora mtoto akae chini ya meza, mahudhurio yanaporomoka na mnarudi mlipoanzia.

Tatu, waliobaki sokoni. Pengo la 412,600 ukiligawa kwa vizimba 400 na siku 26 ni shilingi 40 kwa kizimba kwa siku. Wekeni 50, maana wapo wasiolipa. Msijaribu kuipachika kwenye ushuru wa halmashauri, hiyo inadai sheria ndogo na itachukua muda mrefu. Ikusanywe na kamati ya soko kama mchango wa ulinzi na usafi unavyokusanywa.

Jambo moja zaidi kuhusu watoto wakubwa. Hao 10 kwa mlezi mmoja, wakija wote, wanaingiza 520,000 kwa mwezi huku mlezi wao akigharimu 231,000 pamoja na NSSF. Hao ndio wanaowabeba wachanga. Lakini darasa la awali la shule ya serikali halina ada tangu 2016, na mtoto akifikisha umri mama atampeleka huko, kwa haki kabisa. Kila Januari mnapoteza kundi linalolipa na kubaki na kundi linalokula hasara. Dawa yake: awali hutoka mapema, na mama bado yuko kizimbani. Wekeni ada ya nusu siku, 1,000 au 1,200, ya kumpokea mtoto kuanzia saa 6 mchana hadi jioni, mkiwa na mtu wa kuwafuata shuleni kwa mguu.

Baharia_Mkavu

Haya mambo ya kizungu. Zamani bibi alikuwa analea na hakuna aliyedai NSSF. Mwenye uwezo achukue dada wa kazi, asiye na uwezo kuna mashangazi. Kituo cha nini?

mwana_ustawi

Kaka Baharia, bibi yuko Singida analima, mjukuu yuko Mbagala. Hilo ndilo lililobadilika. Na bibi aliyeko mjini mara nyingi naye ana meza ya maandazi.

Dada wa kazi naye tumwangalie kwa namba. Amri ya mishahara ya 2022 iliweka kima cha chini cha mfanyakazi wa nyumbani wa kawaida anayelala kwa mwajiri kuwa 60,000, na anayerudi kwake 120,000. Amri hubadilika, viwango vya sasa viangaliwe upya. Lakini mama wa mboga aliyepanga chumba kimoja halipi hata hiyo 60,000. Anayempata kwa chini ya hapo ni msichana mdogo kutoka kijijini, ambaye naye alipaswa kuwa darasani. Malezi ya bei rahisi hivyo kuna mtu ameyalipia, ila jina lake haliko kwenye daftari lako.

Mkitaka ushahidi wa kuweka kwenye andiko, msiandike maneno ya jumla kwamba "wanawake wanateseka". Nendeni shule mbili za msingi zilizo karibu, muombe mwalimu mkuu hesabu ya utoro wa wasichana wa darasa la nne hadi la saba, siku za gulio dhidi ya siku nyingine, kwa miezi mitatu. Msichukue majina, hesabu tu. Halafu sokoni, kwa wiki mbili, andikeni wanawake wenye mtoto wa chini ya miaka mitatu walifika saa ngapi na walinunua tenga la nyanya kwa bei gani, mkilinganisha na wasio na mtoto mdogo. Tofauti ya bei ya tenga moja itamshawishi diwani kuliko kurasa kumi.

Na itajeni kwenye andiko Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, ile PJT-MMMAM iliyozinduliwa Dodoma Desemba 2021. Afisa wa halmashauri anayaelewa malengo yake, na andiko linalozungumza lugha hiyo husomwa.

Wa_Kayole

Salamu kutoka Nairobi. Huku tumepitia hayo, kwa hivyo niseme mawili matatu.

Mtaa kama Korogocho ama Mukuru kuna deikea (vituo vya kulelea watoto mchana) kila kona. Mama wa nyumba moja anapokea watoto kwa shilingi 50 hadi 100 za Kenya kwa siku, chumba cha mabati, yeye peke yake na watoto kumi na tano au ishirini. Mama anayetafuta kibarua cha kufua hana lingine. Tatizo si roho mbaya ya mlezi. Ukigawa hiyo 50, utaona lazima ajaze chumba ndipo apate kodi ya nyumba. Na chumba kikijaa ndipo watoto wanapewa dawa ya mafua walale.

Korogocho ulifanyika utafiti, matokeo yakachapishwa 2019. Akina mama walichaguliwa kwa bahati nasibu, baadhi wakapewa vocha za kulipia deikea. Waliopewa, uwezekano wao wa kuwa kazini ulizidi wa wenzao kwa pointi 8.5 za asilimia. Lakini soma vizuri: waliopanda zaidi ni walioolewa. Mama anayelea peke yake hakuongezeka sana kazini kwa sababu alikuwa anafanya kazi tayari, hakuwa na wa kumtegemea. Yeye alihamia kazi yenye saa chache na za kueleweka, na mapato hayakushuka. Kwa hivyo mkipima kituo chenu kwa kuuliza tu "wangapi wamepata kazi", mtadhani hakijamsaidia huyo. Pimeni saa pia.

La pili, kabla ya kujenga, hesabuni walezi walioko tayari kuzunguka soko. Kidogo, shirika la hapa Nairobi, lilichukua njia hiyo: badala ya kufungua vituo vipya tu, linawachukua akina mama wenye deikea zao mtaani, linawafunza, linawasaidia kuboresha chumba na hesabu, wanafanya kazi chini ya jina lake. Mkifungua cha kwenu bila wao, mnawanyang'anya riziki na watawapiga vita. Waajirini; huenda wawili kati ya walezi mnaowatafuta tayari wanawajua watoto wenu kwa majina.

Upande wa sheria, Kaunti ya Nairobi ilipitisha sheria yake ya vituo vya malezi 2017. Sheria ipo, wakaguzi ni wachache, na mama wa chumba kimoja anaogopa kujisajili akidhani atafungiwa. Kwa hivyo anabaki amejificha na hakuna anayemfundisha chochote.

Kizimba_na_3

Asante sana wote. Swali kwa @Mhasibu_wa_Vituo: tukifungua saa 11 alfajiri (angalau wawahi nusu ya pili ya malori) na kufunga saa 12 jioni, hao watano wanatosha?

Na kwa mwenye ujuzi wa afya: wachanga wanaonyonya tuwafanyeje, na kuhara tunazuiaje?

Katiba_ya_Kazi

Nijibu la kwanza kabla ya mhasibu, maana hapo alipitiwa. Saa 11 alfajiri hadi 12 jioni ni saa 13. Kwa siku sita ni saa 78. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaruhusu saa 45 za kawaida kwa wiki, zaidi ya hapo ni muda wa ziada wa kulipiwa. Walezi wanne hawawezi kufunika siku nzima. Kituo kikilazimisha, ndani ya miezi michache mlezi mzuri ameondoka, na aliyebaki anasinzia saa 8 mchana akiwa na wachanga.

Ongezeni mlezi wa tano: 210,000 na NSSF 21,000. Pengo linatoka 412,600 kwenda 643,600, na mchango wa kizimba unatoka 40 kwenda 62. Kwa hiyo 50 mliyoambiwa haitoshi, wekeni 75. Huyo wa tano ashike alfajiri, jioni na saa za mapumziko ya wenzake, kwa zamu inayozunguka kila wiki. Alfajiri mpishi naye yupo anawasha moto, hivyo hakuna mtu mzima anayebaki peke yake na watoto. Jioni mwanakikundi mmoja wa zamu akae naye. Wachanga wa alfajiri wasizidi watatu, waandikishwe jana yake.

Kwa wale wanawake walioajiriwa kwenye maduka na maghala ya jirani, sheria hiyohiyo inawapa siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo, 100 kama ni mapacha au zaidi, na anaporudi, hadi saa mbili kwa siku ndani ya muda wa kazi kwa ajili ya kunyonyesha. Taarifa kwa mwajiri itolewe angalau miezi mitatu kabla ya tarehe ya kujifungua, pamoja na cheti cha daktari. Siku 84 ni wiki 12. Mkataba wa kimataifa wa kazi namba 183 unataka 14, na ushauri wa afya ni miezi sita ya maziwa ya mama pekee, kwa hiyo hapo katikati kuna miezi mitatu isiyo na mwenyewe. Zile saa mbili ni bure kabisa kwa mtu anayeishi Chanika na kufanya kazi Kariakoo, lakini kituo kikiwa mita mia mbili kutoka ghalani zinakuwa saa mbili kweli. Mwendeeni mwenye ghala na hoja hiyo, alipie nafasi tatu au nne za kudumu kwa bei kamili, hata mtoto asipokuja.

Muuza mboga hana mkataba, hana likizo. Wengi wanarudi kizimbani mtoto hajamaliza arobaini.

Nesi_wa_Zamu

Wachanga. Faida kubwa ya kituo cha sokoni ni kwamba mama anaweza kuja kunyonyesha. Chumba kiwe mwendo usiozidi dakika tano kutoka vizimbani, na mlezi awe na namba ya simu ya jirani wa kizimba, si ya mama peke yake (simu yake iko kwenye kibubu, haisikii). Mama akija, anamwachia jirani mizani. Hilo lipangwe mapema, la sivyo ataacha kuja wiki ya pili.

Kwa atakayekamua: maziwa yawekwe kwenye chombo chenye mfuniko, kimeandikwa jina na saa. Kwenye joto la nyuzi 25 yanakaa saa 4, na chumba cha bati Dar ni moto kuliko hapo, kwa hiyo wekeni boksi la barafu. Barafu ikiwa haijayeyuka, saa 24. Yapashwe kwa kukiweka chombo ndani ya maji ya uvuguvugu, yasichemshwe. Alichobakiza mtoto kimwagwe ndani ya saa mbili. Mnywesheni kwa kikombe, si chupa ya chuchu. Chuchu haisafishiki vizuri kwa maji ya ndoo, na kuhara kwingi kwa vituo huanzia hapo.

Uji ni kuanzia miezi sita. Uwe mzito wa kukaa kwenye kijiko bila kutiririka. Uji mwepesi unajaza tumbo la mtoto kwa maji, anashiba na bado ana njaa. Msinunue unga wa lishe uliochanganywa vitu kumi ambao hamjui umesagwa lini. Karanga na mahindi yaliyohifadhiwa vibaya yana sumukuvu (sumu ya ukungu), ile iliyoua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016, na harufu wala ladha havikuambii kitu. Sagisheni wenyewe, kilo chache kila wiki, mkichambua punje zenye ukungu na zilizosinyaa. Dagaa wa kusaga au yai ongezeni wakati wa kupika.

Kuhara: vibuyu chirizi (madumu ya kunawia mikono kwa maji yanayochirizika) viwili, kimoja mlangoni mwa choo na kingine mlangoni mwa jiko, kila kimoja na sabuni iliyofungwa kwa kamba. Anayebadilisha nepi asigawe chakula zamu hiyo. Poti zimwagwe chooni, si kwenye mtaro wa soko. Kila mtoto kikombe chake na kijiko chake chenye alama ya rangi. Mtoto akianza kuhara, ORS (chumvichumvi ya kurudisha maji mwilini) pakiti moja kwenye lita moja ya maji safi, mchanganyiko umwagwe baada ya saa 24, na mama aitwe siku hiyohiyo ampeleke zahanati. Zinki huko atapewa, miligramu 20 kwa siku, au 10 kwa aliye chini ya miezi sita, na aambiwe amalize siku zote hata mtoto akiacha kuhara siku ya tatu.

Jiko la mkaa lisiingie chumba cha kulala, hata siku ya mvua. Na dawa yoyote isitolewe kituoni bila karatasi ya mama yenye jina la dawa na kipimo. Mama akimchukua mtoto jioni na kumkuta amelala kupita kawaida siku mbili mfululizo, aulize kwa ukali.

mwana_ustawi

Narudi kwa yaliyobaki.

Leseni: kituo kinasajiliwa chini ya Sheria ya Mtoto ya 2009 na kanuni zake za vituo vya kulelea watoto mchana. Leseni ni ya Kamishna wa Ustawi wa Jamii, mlango wenu ni Afisa Ustawi wa Jamii wa halmashauri. Mwiteni aje aone eneo kabla hamjapaka rangi. Wengi hukarabati kwanza, halafu afisa afya anasema choo kiko mbali au mlango ni mmoja tu, wanabomoa. Andaeni mapema barua ya serikali ya mtaa, katiba ya kikundi, taarifa ya afisa afya, ukaguzi wa zimamoto, na vipimo vya afya vya walezi na mpishi.

Mkopo wa asilimia 10 (4 wanawake, 4 vijana, 2 wenye ulemavu) hauna riba, lakini unarudishwa. Umeiona hesabu: kituo hiki hakitoi ziada. Ukikopa kulipa mishahara, mwezi wa nne mnauza majiko kulipa rejesho. Kopeni kwa biashara ya kikundi iliyo pembeni, mfano mashine ya kusaga ambayo itasaga na unga wa watoto, na faida yake ndiyo iingie kituoni. Andiko la mkopo liwe la mashine. Lisichanganywe.

Vinakufa kwa nini? Ufadhili wa mwaka mmoja uliolipa mishahara yote na ada ikawekwa 500, mfadhili akaondoka. Kufungua saa 1:30 asubuhi kama ofisi. Kudai ada ya mwezi kwa watu wanaopata fedha kwa siku. Na mtoto kuchukuliwa na mtu asiyeandikwa. Likitokea hilo mara moja, hata mtoto akipatikana salama, kesho yake hamna mtoto. Kila mtoto awe na majina mawili ya wanaoruhusiwa kumchukua, na picha zao ukutani kwa ndani. Namba 116 ya kusaidia watoto ibandikwe pale mama anapoiona akiwa anasubiri.

Kizimba_na_3

Nimenakili yote. Jumatatu tunakwenda kwa uongozi wa soko kuomba barua ya vyumba, kile cha stoo ya zamani na cha pembeni yake. Kina mlango mmoja. @mwana_ustawi, dirisha la upande wa uchochoro likipanuliwa kuwa mlango wa pili zimamoto watakubali, au lazima uelekee uwanjani?

mwana_ustawi

Uchochoro unaweza kukubaliwa kama una njia ya wazi ya kutokea na haujazibwa na matenga. Pimeni upana watu wawili wakipishana na watoto mikononi. Mkienda kwa uongozi, ombeni na uchochoro huo uandikwe kwenye barua kuwa haupangishwi mtu.